Mtoto Asiyechomwa Sindano

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na spiriti, mkono wangu wa kushoto hukimbilia bega la kulia kabla sijajua unatafuta nini. Unatafuta kitambaa. Zahanati ya kijiji chetu ilinuka hivyo kila asubuhi, kwa sababu Bwana Mganga alichemsha sindano zake katika sufuria ndogo juu ya jiko la mafuta, zile sindano za kioo zilizotumika leo kwa huyu na kesho kwa yule. Sufuria ilipoanza kugongagonga, watoto waliokuwa kwenye benchi walianza kulia, mmoja akimwambukiza mwenzake. Mimi sikulia. Nilikaa nikawatazama kwa kiburi cha mtu mwenye ruhusa maalumu, maana nilikuwa mtoto asiyechomwa sindano, na kijiji kizima kilijua. Gauni langu la shule na lile la kanisani yote yalikuwa na kitambaa chekundu begani, kipande cha kanga kuukuu ya Mama, kimeshonwa kwa mishono midogo iliyobanana kama meno ya panya. Maana yake ilikuwa moja: mtoto huyu akianguka njiani, akaokotwa na watu wasiomjua na kupelekwa kwa mganga yeyote, asidungwe pensilini. Damu yake haiitaki.

Tulikuwa wageni katika kijiji kile, kama wote waliokuwamo. Kabla ya hapo tuliishi juu kwenye miteremko, kila ukoo na boma lake, na jirani alikuwa mtu unayemwita kwa kupaza sauti ukingoja upepo ulete jibu. Kisha tukaambiwa tushuke tukae pamoja kandokando ya barabara iendayo Laela, tukapimiwa viwanja kwa kamba, nyumba zikasimama kwa mstari kama wanafunzi paredi. Bibi, mama yake Baba, hakuupenda mstari ule hata siku moja. Alisema huku jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayejifuta pua. Watu wazima walicheka, kwa sababu Bibi alikuwa na ulimi. Lakini alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Mwaka wetu wa kwanza pale, mvua zilipokuwa zikielekea ukingoni na ulezi ukianza kugeuka rangi mashambani, ugonjwa ulianza nyumba za mwisho karibu na kisima, ukaja nyumba kwa nyumba ukifuata mstari uleule wa kamba.

Ulikuwa surua. Leo nauandika bila kupepesa macho, lakini katika nyumba yetu neno hilo halikutamkwa. Bibi alituambia kwamba maradhi hayo yana masikio. Ukiyataja jina ilhali yako karibu, yanadhani yameitwa, na yakishaitwa hayaondoki na mtoto mmoja. Aliyeugua aliitwa mwenye mgeni. Aliwekwa chumbani penye giza, akafunikwa, akanyweshwa uji mwepesi wa ulezi, na mlangoni pakaegemezwa tawi bichi ili wenye watoto wapite mbali. Sharti la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza: mwenye mgeni hapelekwi kwenye sindano. Mgeni anataka kutoka nje kwa njia ya ngozi, alisema Bibi, na sindano humrudisha ndani, na akirudi ndani hukaa moyoni.

Mama alivunja sharti hilo pasipo kujua. Nilikuwa na homa, kikohozi na macho mekundu, na ngozi yangu ilikuwa bado safi; nani angejua? Baba alikuwa mbali, kwenye kazi ya barabara upande wa Kasesya, akirudi nyumbani kwa nadra. Mama akanibeba hadi zahanati. Bwana Mganga alikuwa ameripoti karibuni kutoka Mbeya, kijana mrefu wa Kimoraviani aliyeimba nyimbo za kanisa huku akichemsha sindano, naye alimwita kila mtu ndugu, hata Bibi, mpaka Bibi alipomuuliza ni lini walinyonya ziwa moja. Alinisikiliza kifua, akanidunga ile dawa nyeupe inayofanana na maziwa. Haukupita muda mrefu, vipele vikanijaa kuanzia nyuma ya masikio hadi nyayoni, na uso ukaumuka hata macho yakawa hayafunguki.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na nimelifikiria maisha yangu yote. Mama alikimbia peke yake kwa Bwana Mganga, kwa kuwa mimi sikuruhusiwa kutolewa gizani. Akamwambia mwanawe amevimba vipele mwili mzima baada ya sindano. Bwana Mganga akauliza swali sahihi kabisa: je, kuna surua nyumbani kwenu au kwa majirani? Mama akajibu hapana. Angejibu nini? Mama mkwe alikuwa amemkataza, na yeye mwenyewe alikuwa na mimba changa. Basi Bwana Mganga akakunja uso, akasema kama si surua, basi ni pensilini, na mtoto huyu asiipate tena, kwa sababu mara ya pili inaweza kumuua. Mama alirudi na jibu lililotokana na jibu alilolitoa yeye, akalishika kama amri ya Mungu.

Wala Mama hakuwa mjinga. Alipokuwa msichana alimsindikiza shangazi yake hospitali, akaona kwa macho yake mwanamume mwenye nguvu akidungwa dawa hiyo nyeupe, akasimama, akasema anajisikia joto, akajikuna shingo, akaanguka. Hakuinuka tena. Kwa hiyo Mama alijua kwamba jambo hilo lipo na linaua, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilipopona, yeye na Bibi walibishana msimu mzima. Mama alisema sindano ndiyo iliyonitia vipele. Bibi alisema sindano ilitaka kumrudisha mgeni ndani, nikapona kwa uji wake. Hawakukubaliana kwa lolote ila moja: nisidungwe tena. Siku walipokubaliana hilo, Mama alichana kanga yake.

Sitasema uongo, nilikipenda kitambaa kile. Wenzangu walikigusa kwa heshima, na mwalimu wa darasa la kwanza alipotupanga kwa ajili ya ukaguzi wa afya aliniweka kando, jambo ambalo kwa mtoto wa mwisho katika mstari ni cheo. Sikujua kwamba nimevaa hukumu.

Kipupwe cha mwaka uliofuata kilikuwa kikali. Anayeijua Ufipa anajua kwamba uwanda ule hauna kitu cha kuzuia upepo. Mwezi wa saba unavuma juu ya mashamba yaliyovunwa, ukipita kati ya matuta ya duara tuliyofukia nyasi zioze, unaingia chini ya mlango na kulala na wewe kitandani. Mama alikuwa na mtoto mchanga sasa, mdogo wangu Deo. Nilianza kwa mafua, nayo yakashuka kifuani. Kisha kikaja kichomi, maumivu ya ubavuni yanayokukata kila ukivuta pumzi, hata unaanza kuvuta kidogokidogo kama mtu anayekunywa uji wa moto. Bibi alinikanda kwa majani yaliyopashwa moto. Mama alinipaka mafuta. Asubuhi moja niliona wote wawili wananitazama mdomo badala ya macho, na Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba midomo imekuwa ya samawati. Akanifunga mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea. Bibi akambeba Deo. Tukaenda.

Bwana Mganga aliweka sikio lake na kile chombo chake cha kusikilizia kifuani pangu, hakuimba. Akamwambia Mama kwamba pafu moja limejaa. Vidonge ambavyo angeweza kunipa vilikuwa vimekwisha, na gari la kuleta dawa kutoka Sumbawanga lilikuwa halijapita. Trekta la kijiji lilikuwa limelala bila dizeli. Alichokuwa nacho kabatini kilikuwa kimoja, na wote chumbani tulijua ni kipi. Mama aliweka mkono wake juu ya bega langu, akafunika kitambaa chekundu kana kwamba kitambaa chenyewe ndicho kingedungwa.

"Ulisema wewe mwenyewe," Mama alimwambia. "Ulisema mara ya pili itamuua."

"Nilisema, Mama Yusta. Na nikikaa bila kumpa, kifua hiki kitamuua. Sitakudanganya." Alivuta kigoda akaketi, uso wake ukawa sawa na wa Mama. "Nieleze tena. Vipele vilianza lini? Vilianzia wapi? Kabla ya sindano macho yake yalikuwaje?"

Mama akajibu, lakini alijibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akiruka palepale penye kina. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha waya nikihesabu pumzi zangu, na nakumbuka hofu iliyonishika. Haikuwa hofu ya kufa. Sikujua kufa ni nini hasa. Niliogopa kwa sababu watu wazima watatu walikuwa chumbani na hakuna aliyejua la kufanya. Sufuria iligongagonga jikoni. Nje watoto walianza kulia kama kawaida yao, na kwa mara ya kwanza nikatamani kuwa mmoja wao.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na Deo mikononi. Alimtazama Deo muda mrefu. Kisha akampa Mama mtoto, akamwambia, "Mtoe huyu nje. Mvushe barabara, mfike kwenye shamba la shule. Usirudi mpaka nikuite."

"Mama, Yusta yuko hapa—"

"Nimesema mvushe barabara."

Mama alizoea kumtii. Akatoka. Bibi alingoja mpaka akaona kupitia dirishani kanga ya Mama iko ng'ambo, mbali, kisha akafunga dirisha, akafunga na mlango. Akainama karibu na sikio la Bwana Mganga. Mimi nilikuwa hapohapo, nikasikia.

"Ilikuwa surua," alisema Bibi. "Kwa jirani ilikuwapo, na kwa jirani wa jirani. Macho yake yalikuwa mekundu kabla hujamgusa. Vipele vilianzia nyuma ya masikio. Mimi ndiye niliyemkataza mama yake kusema."

Bwana Mganga hakuinua sauti. Alisema tu, kwa uchovu, "Bibi, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sikuyaficha maradhi, mwanangu. Niliyaheshimu." Macho yake yalikuwa kwenye dirisha lililofungwa. Sasa nikiwa bibi mwenyewe ndipo ninapoelewa alichokuwa akikifanya. Kwa imani yake alikuwa ameyaita maradhi yale kwa jina, na upande wa pili wa barabara alikuwapo mtoto mchanga ambaye hayajampata. Alikuwa ameweka wajukuu wake wawili kwenye mizani kwa mkono wake mwenyewe.

Mama alipoitwa akasikia habari, hakushukuru. Alikasirika, tena akakataa. Alisema huenda ilikuwa surua, na huenda ilikuwa sindano, na huenda yalikuwa yote mawili. Nani anaweza kuapa? Bwana Mganga akasema hakuna anayeweza kuapa, na ndiyo sababu hataanza na sindano nzima. Aliichanganya dawa na maji mengi, akatoa kichupa kingine kutoka kabatini akakivunja shingo, akakiweka tayari pembeni, akisema hicho ni cha kunirudisha nikianza kuondoka. Kisha akanitia tone dogo chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, akachora duara kwa kalamu kulizunguka. Akatazama saa yake. Pakikaa vilevile, alisema, tutaendelea. Pakiinuka na kuwasha, tutaacha.

Sijawahi kuona watu wakitazama kitu kama walivyoutazama mkono wangu. Mama alipiga magoti sakafuni, uso wake karibu kabisa na duara lile, hata pumzi yake ikanipa joto. Alikuwa akiniuliza, unawashwa? Unasikia joto shingoni? Nami, kwa kuwa aliuliza, nikaanza kuwashwa kila mahali, nikaogopa kusema. Bibi alisali rozari kwa Kifipa. Deo alilia akanyamazishwa kwa ziwa bila Mama kugeuza macho. Bwana Mganga aliposema muda umetosha, ngozi ilikuwa imelala, nyeusi na laini kama kawaida. Mama akasema, "Ngoja tena." Akangoja tena. Mama akasema bado. Bwana Mganga akamwambia kwa upole, "Mama Yusta, tazama ubavu wake unavyoingia ndani." Mama akatazama ubavu. Akanishika mkono, akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

Sindano iliuma, na nililia kwa sauti kuliko watoto wote wa benchi. Mama alinikalia karibu mpaka jua likapinda, akingoja nianguke kama mwanamume yule wa hospitali. Sikuanguka. Nilidungwa tena kesho yake na siku zilizofuata, na kichomi kikalegea, nikaomba ugali. Siku ya mwisho Bwana Mganga alimwambia Mama akifumue kile kitambaa, akasema kikiachwa kitakuja kumnyima mtoto dawa siku ambayo hakuna wa kueleza. Mama akaitikia. Tulipofika nyumbani akatia wembe kwenye mshono, akaona amebana mno. Akifumua, gauni litachanika, na kitambaa cha gauni miaka ile kilipatikana kwa foleni kwenye duka la ushirika, kikipatikana. Basi kikabaki. Mimi nadhani alifurahi kwamba kimebana. Deo naye hakupata surua msimu ule, lakini Bibi alimvua nguo kila asubuhi penye mwanga na kumchungulia nyuma ya masikio, mpaka mvua zilipoanza.

Ubishi wao haukuisha, uligeuka tu. Bibi alikwenda kaburini akisema sikuwahi kukataliwa na dawa yoyote, alikuwa mgeni tu. Mama alishikilia kwamba nilikuwa na mzio wa dawa kweli, ila ulinitoka nilipokua, kama meno ya utotoni. Nilipofika utu uzima nilimuuliza daktari mmoja nani kati yao alisema kweli. Akaniambia watoto wengi huandikiwa mzio wa dawa kumbe vipele vilikuwa vya ugonjwa wenyewe. Akaniambia pia kwamba wapo wenye mzio wa kweli, na kwamba wengi wao, miaka ikipita, mwili husahau ugomvi wake. Ni yupi nilikuwa mimi, hakuna wa kujua tena. Mtu asijaribu nyumbani kuthibitisha, akaongeza. Hayo ni ya hospitali. Niliondoka nikiwa upande wa Bibi, na kwa miaka mingi nilisimulia habari za kitambaa cha Mama ili watu wacheke.

Mwaka huu mjukuu wangu Baraka alinyweshwa amoksilini ya maji, dawa ya ukoo mmoja na pensilini, nyumbani kwa binti yangu, hapa Kizwite, Sumbawanga. Binti yangu akanipigia akisema mtoto amevimba midomo, ana aleji. Nilicheka kwanza. Nikamuuliza maswali ya Bwana Mganga: alikuwa na homa gani, macho yalikuwaje, umemwambia daktari kila kitu? Alikuwa amesema kila kitu. Siku hizi hakuna ugonjwa usiotajwa jina; hata usioulizwa unatajwa. Hospitali wakatuandikia kwenda Mbeya kupimwa. Basi likapita barabara ileile, sasa ya lami, nikamwonyesha Baraka mahali ilipokuwa zahanati, na muda wote nilikuwa na hakika kwamba tunakwenda kuthibitisha alichosema Bibi.

Daktari alikuwa msichana mdogo, akanisalimu shikamoo kabla hajaketi. Alitia tone, akachora duara. Nikajikuta nimepiga magoti. Goti langu la kushoto ni bovu, sipigi magoti hata kanisani, lakini nilikuwa chini sakafuni, uso wangu karibu na mkono wa mtoto, nikimuuliza, unawashwa, baba? Unasikia joto shingoni? Na mbele ya macho yangu ngozi ikaanza kuinuka. Iliinuka taratibu, ikawa uvimbe mweupe wenye ukingo mwekundu, ikajaza duara, ikavuka wino. Nilisikia sauti ya Mama ikisema ngoja tena. Daktari hakuwa na cha kungoja. Alifuta mkono, akampa mtoto dawa ya kutuliza muwasho, akaniambia kwa upole kwamba huu ni mzio wa kweli, asiiguse dawa hiyo, na baada ya miaka kadhaa tumrudishe apimwe upya, maana huenda ukamtoka.

Binti yangu ameiandika taarifa hiyo kwenye simu yake na kwenye kadi ya kliniki, na shule wamearifiwa. Aliniambia inatosha. Nikasema sawa. Lakini simu huzima, na mtoto huanguka mahali popote. Jana nilitoa sandukuni kanga nyekundu ambayo Mama aliniachia, nikachana kipande, nikavuta shati la shule la Baraka. Mama yangu angekibana kwa mishono isiyotoka mpaka shati life. Mimi nimekipiga bandi tu begani, kwa uzi mrefu uliolegea, ili siku daktari atakaposema mzio umemtoka, nivute uzi mara moja na shati libaki zima.